Kiondo Kutoka Lusaka

Kitengela,
16 Mei 1999

Kwa Shangazi mpendwa Kaluki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Mbeke. Sisi huku hatujambo, ila vumbi la malori na baridi ya asubuhi. Susu anasema nisiandike habari yoyote kabla sijakuuliza kama unakula vizuri. Unakula?

Anko Muteti anapita kesho na lori lake akielekea Namanga na kisha huko kwenu. Barua hii nimeitia ndani ya kiondo alichokusukia Susu, mama yako. Ni cha rangi ya udongo na zambarau. Hiyo zambarau ni sweta yangu ya shule. Niliikuta imefumuliwa yote, imebaki mpira wa uzi mapajani mwake. Hakuwa ameniuliza, lakini pia sikuwa na mahali pa kuivaa.

Uliuliza siku zake zinaendaje. Anaamka kabla yangu, anapapasa ukuta mpaka mlango wa jikoni, anaketi kwenye kigoda na kunyoosha mguu mmoja, anaanza kusokota katani juu ya paja. Paja lenyewe limekuwa laini kama sahani ya udongo. Macho yake sasa yanaona vivuli tu, kwa hivyo macho ni mimi. "Hii ni gani?" "Nyekundu, Susu." "Nyekundu ya damu au ya nyanya?" Inakuwa hivyo mpaka jua lizame. Jirani yetu Saning'o akileta maziwa husimama langoni na kumsalimu kwa Kimaasai, "Supa, kokoo!" Susu humjibu, "Epa," kisha humwuliza ameongeza maji kiasi gani leo. Saning'o huapa kwa ng'ombe wake wote, hata wale waliokufa.

Tangu nimalize kidato cha nne sijalala nje ya nyumba hii. Nakueleza ili uelewe habari inayofuata, si kwamba nalalamika. Nimepata nafasi ya kusomea uuguzi Nyeri, kuanzia mwezi wa tisa. Baba amekubali Susu ahamie kwake Kajiado mwezi wa saba, akae naye na mkewe Mama Phylis. Susu naye amekubali. Alisema "sawa" kama mtu anayekubali kudungwa sindano, lakini alisema.

Sijamwambia mtu mwingine. Naogopa nikilitamka kwa sauti litaharibika.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako,
Mwongeli


Lusaka,
20 Juni 1999

Kwa mwanangu Mwongeli, muuguzi wetu,

Salamu zangu kwako na kwa mama, na kwa baba yako Makau na mke wake. Sisi tuko salama kwa neema ya Mungu. Mwambie mama ndiyo, ninakula. Nimenenepa hadi benchi la kanisa linanilalamikia. Akitaka ushahidi amwulize Muteti, aliniona.

Kiondo kilifika. Mke wa mchungaji alikitazama kwa tamaa mpaka akasahau maombi yamefika wapi. Nikamwambia hivi haviuzwi dukani, labda uende uzaliwe upya kwa mama yangu.

Narudisha kile cha zamani cha mistari myeusi. Kitako bado kizima ila mkanda umekatika. Mwombe mama anishonee mwingine, amkabidhi Muteti safari ijayo. Huku hakuna ajuaye.

Kuhusu Nyeri nina neno moja tu: nenda. Mimi nilipoolewa na Kaloki nikamfuata huku, watu walisema namwacha mama. Mama mwenyewe ndiye aliyenifungia mzigo. Wakati Kaloki alipofariki ningerudi, sikurudi, na hayo ni mambo yangu. Wewe usingoje mtu akuruhusu mara mbili.

Mbeke anakusalimu. Amekuwa mrefu kuliko mimi.

Shangazi yako,
Kaluki


Kitengela,
25 Julai 1999

Kwa Shangazi Kaluki,

Salamu za kwetu. Tunaendelea, na tunamwomba Mungu muwe mnaendelea pia. Nitakuwa na haraka kidogo katika barua hii, unisamehe.

Anko alifika Alhamisi. Aliweka kiondo mapajani mwa Susu na kusema, "Mama, nimekuletea mzigo kutoka kwa Kaluki."

Susu akasema, "Uko wapi?"

"Si huo umeshika."

"Hiki ni kiondo. Mimi nauliza mzigo."

Anko akacheka. "Basi labda nzige wa Dodoma wamekula."

Susu hakucheka. Aliingiza mkono mpaka kitakoni, akapapasa kote, akauzungusha tena kama mtu anayetafuta pete ndani ya maji. Kisha akashika mahali mkanda ulipokatika, akakaa hivyo. Chai ikapoa. Alipoinuka alikibeba kiondo mwenyewe akakitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake.

Shangazi, umesahau? Kwetu kiondo hakirudishwi kitupu. Hata ukimpelekea jirani maharagwe, anakirudisha na yai, au kitunguu, au kipande cha ukoko akiwa hana kingine. Kurudisha kitupu ni kusema tumemalizana. Najua hukusema hivyo. Lakini Jumamosi Baba alikuja na pikapu kuchukua kitanda na sufuria za Susu, Susu akaketi juu ya hicho kitanda akasema hatoki.

Baba alibembeleza. Anko naye alijaribu: "Lakini mama, nikitoka Namanga napitia Kajiado kwanza! Habari za Kaluki zitakufikia huko kabla hazijafika huku."

Akajibu, "Kaluki alitoka kwa mlango huu. Nami nikitoka, akiwa na shida atarudi wapi?"

Baba aliondoka na pikapu tupu. Mama Phylis alikuwa ameshapaka chumba rangi.

Nakusihi, tuma kitu. Kijiko cha chumvi kinatosha. Mpe Anko, mwambie amkabidhi Susu mkononi. Chuo kinafunguliwa mwezi wa tisa mwanzoni, na mimi naamka usiku nasikia kama malori yote ya barabara ya Namanga yanapita bila kusimama.

Mtoto wako,
Mwongeli


Lusaka,
22 Agosti 1999

Mwongeli mwanangu,

Salamu. Tuko wazima.

Nimesoma barua yako nikacheka, kisha nikalia, kisha Mbeke akaniuliza kama nimeugua. Ni kweli nilisahau. Mtu akikaa kwa watu wengine huanza kusahau yale madogo kwanza.

Natuma kitenge, njugu na wale samaki wadogo wakavu wa huku. Mwambie mama ninampenda. Mwambie kiondo hakikuwa neno, kilikuwa kiondo tu. Ahamie Kajiado, wewe uende Nyeri.

Shangazi yako,
Kaluki


Kitengela,
12 Septemba 1999

Kwa Shangazi Kaluki,

Nakusalimu. Natumaini hamjambo. Sisi ni wazima wa mwili.

Chuo kilifunguliwa Jumatatu. Bado niko hapa. Nilienda kwenye simu ya posta nikaomba wanihifadhie nafasi, mama mmoja wa ofisi akaniambia mwisho ni mwezi wa tatu, wakipokea kundi lingine. Baada ya hapo niombe upya kama watu wengine.

Vitu vyako vilifika. Susu alinusa kitenge akakikunja. Njugu amekula. Samaki alimgawia Saning'o, naye akamshukuru kwa adabu kubwa, halafu nikamwona nyuma ya ua akimpa mbwa wake samaki hao. Nilidhani mambo yameisha, nikaanza kufunga sufuria. Susu akasikia zikigongana.

"Unafunga nini?"

"Vyombo, Susu. Kaluki ameleta zawadi. Hajakutupa."

"Nani alisema amenitupa?"

"Si kiondo kilirudi kitupu?"

Akasema, "Mwongeli, wewe ulidhani ni utupu?"

Akaniambia nikishushe kutoka kwa msumari. Akanishikisha mahali mkanda ulipokatika. Nyuzi zilizobaki zilikuwa zimefungwa fundofundo, kama mtoto anavyofunga kiatu, moja juu ya nyingine, na zote zimeachia. Akasema, "Kaluki alishona mkanda wake wa kwanza hata meno hayajabadilika. Kazi hii angeweza kuifanya amelala. Hapa alijaribu ikamshinda. Mwandikie, umwulize mkono wake una nini."

Basi nakuuliza. Na mimi pia nina langu. Nimetoa barua zako za zamani nikaziweka kando ya hizi mbili za mwisho. Mwandiko si mmoja.

Nakuomba ukweli, na sitajifanya naomba kwa ajili ya Susu peke yake. Amesema hatoki hapa mpaka ajue. Kwa hivyo chochote unachokificha, mimi ndimi ninayeishi ndani yake. Nafagia, nachota maji, nataja rangi. Majirani wananisifu, wanasema msichana kama mimi ni baraka. Kila wakinisifu nasikia kama mtu anaongeza kufuli.

Mtoto wako,
Mwongeli


Kitengela,
21 Novemba 1999

Kwa Shangazi Kaluki,

Salamu kutoka nyumbani. Sijapata jibu. Anko Muteti anasema alibisha kwako, Mbeke akafungua mlango kidogo akasema umelala. Ilikuwa saa sita mchana. Anasema pazia lilitikisika.

Susu hasuki tena. Anasokota tu, mpira juu ya mpira, na anauliza kama lori limepita. Kitanda changu kiko karibu na chake, kwa hivyo nakusikia wewe ukitajwa kabla ya kulala na kabla ya chai. Usipojibu, mwezi wa tatu utafika.

Mwongeli


Lusaka,
16 Januari 2000

Mwongeli mwanangu,

Nakusalimu, na heri ya mwaka mpya. Usinikasirikie, ingawa una haki.

Mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga ya jirani. Ilinishika mkono wa kulia. Vidole vilivyobaki ni gumba na kile cha mwisho, na vyenyewe haviinami. Barua hizi anaandika Mbeke, mimi natamka. Sasa naishi kwa kuuza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba, na wateja wanajipimia wenyewe.

Hukuambiwa wewe wala Makau wala mtu yeyote. Muteti akija mimi huketi nimefunika mkono kwa leso. Unamjua mama. Watoto wote alitutunza kwa mikono, na kati yetu wote alisema mkono wake umeingia kwangu. Nilitaka nirudi nyumbani nikiwa na mikono miwili. Ndiyo maana sikurudi. Sasa umeelewa.

Nakuomba kitu kimoja: usimwambie. Atapanda lori aje, hivyo hivyo haoni, au atalala asiamke. Mwambie nilikuwa na homa, imepona.

Na kwa sababu najua ninachokuomba ni kikubwa, nimefikiria njia. Nitamtuma Mbeke na Muteti mwezi wa pili. Ana miaka kumi na sita, ni msikivu, ataketi na mama, awe macho yake, na mama atakuwa na mtu wa kumfundisha kusuka. Hatauliza tena habari za mkono wangu akiwa na mikono ya mtoto wangu. Mama akae hapo hapo Kitengela, wewe uende Nyeri. Kila mtu atapata.

Shangazi yako anayekupenda,
Kaluki

Dada Mwongeli, ni Mbeke. Nimeandika kama mama alivyosema. Naomba kuuliza, karibu na kwenu kuna shule ya sekondari ya kutwa? Hapa niko Grade 10. Kama hakuna si neno.


Nyeri,
19 Machi 2000

Kwa Shangazi Kaluki, na kwa Mbeke anayekuandikia,

Nawasalimu nyote wawili. Natumaini mko na afya. Mimi niko salama. Hapa kuna baridi, na asubuhi mlima unaonekana kama mtu ameuosha.

Wewe uliniambia ukweli, kwa hivyo nami nitakuambia wangu. Barua yako ilikaa chini ya godoro langu siku nyingi. Sikuwa napigana na nafsi yangu kuhusu siri yako. Nilikuwa namfikiria Mbeke. Nilikuwa nimeshafua shuka za kitanda changu ili azikute safi. Nilikuwa nimepanga nimwonyeshe wapi mfereji, wapi mkaa, Susu anapenda chai ya namna gani, halafu nichukue begi. Nilijiambia ni mpango mzuri, kila mtu atapata. Nilimaliza kuanika zile shuka nikaisoma barua tena, nikafika mahali ambapo Mbeke anauliza habari ya shule na kusema kama hakuna si neno. Hilo neno nalijua. Nimelisema mara nyingi.

Nikaingia ndani nikamsomea Susu barua yote, kutoka salamu mpaka mwisho. Sikuruka kitu.

Aliuliza, "Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Anapikaje?"

"Sijui, Susu. Hakusema."

Alisokota kipande cha katani kilichokuwa pajani mpaka kikaisha. Kisha akauliza, "Barua iliandikwa na nani?"

"Na Mbeke."

"Kwa hivyo mtoto ameandika kwa mkono wake kwamba yeye atumwe."

"Ndiyo."

"Asiletwe," akasema. "Nimeshatumia mmoja." Kisha akaongeza, "Mwite Makau. Mwambie aje na pikapu."

Nilitaka kusema kitu, kwamba sikuwa naumia, kwamba nilipenda kukaa naye. Alinyoosha mkono akanifunika mdomo. Alikuwa hajawahi kukosea mahali mdomo wangu ulipo.

Kuhusu wewe hakulia mbele yangu. Alisema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Njoo na mkono uliobaki. Sikukuzaa ili unisukie." Na mlango sasa ni wa Kajiado, nyuma ya duka la vifaa la Baba, lango la bluu. Muteti anapajua. Mbeke, hiyo sentensi ya Susu msomee mama yako mara mbili.

Sasa nitakueleza Kajiado ilivyo, ili usidhani tumefika mwisho mzuri. Mama Phylis si mtu mbaya. Chumba ni safi, kina dirisha, sakafu ya saruji. Lakini kila kitu kiko mahali kisipostahili. Siku ya kwanza Susu alizunguka akipapasa kuta akitafuta mlango, akapata kabati, akaingiza mkono katikati ya makoti akasimama humo. Asubuhi Baba na Mama Phylis wanaenda dukani, msichana wa kazi anafulia nyuma, redio inawashwa ili asikie watu. Hana kizingiti cha kuketi, kwa sababu mlango unafungukia korido. Hakuna anayekuja kuuza maziwa na kuapa. Maziwa yanatoka kwa friji. Nilimwuliza kama nimletee katani, akasema, "Ya nini, rangi nitamwuliza nani?" Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeuliza saa.

Nilikaa naye huko wiki mbili. Siku moja kabla ya kuondoka, nilipokuwa nikimkata kucha, aliniambia, "Kesho usiniage."

"Nitaendaje bila kukuaga, Susu?"

"Utaenda tu. Mimi nitadhani uko nje unaanika nguo."

Asubuhi nilifua nguo zake kweli, nikazianika kwenye kamba ya Mama Phylis, leso, sketi, na lile blanketi la kijani. Baba alikuwa amewasha gari barabarani. Begi langu lilikuwa langoni tangu alfajiri. Nilipitia dirishani kwake nikamwona ameketi kitandani, uso ameuelekeza ukutani, mikono imelala mapajani haishiki kitu. Nilikuwa nimefika langoni nilipomsikia.

"Mwongeli! Mvua inanuka. Toa nguo!"

Nikajibu, "Natoa, Susu," kwa sauti ya mtu aliye karibu, nikafungua lango.

Tulipita Isinya ikaanza kunyesha. Sijui kama kuna mtu aliyezitoa.

Mtoto wako,
Mwongeli